Nyuki Asimamaye Mlangoni

Kulikuwa na wakati ambapo nyuki wa Tishkabi walilala milango wazi. Tundu la mzinga lilikuwa tundu tu. Aliyetaka kuingia aliingia, na hapakuwa na wa kumuuliza ametoka wapi wala amebeba nini. Miiba walikuwa nayo, tena mikali, lakini mlinzi hawakuwa naye. Leo ukiinamia mzinga wowote wa kijiji kile utamkuta nyuki mmoja ameliziba tundu kwa kichwa chake, anakukodolea macho kama karani aliyekalia dirisha la ofisi. Ukimgusa, hana cha kukuchomea. Mambo hayo mawili yalizaliwa siku moja, na aliyeyaona yakizaliwa ni mwanamke aliyeitwa Basilia Tuyu.

Tishkabi iko Yukatani, upande wa mashariki wa Meksiko, nchi tambarare isiyokuwa na mito. Mvua ikinyesha, ardhi ya chokaa huimeza yote, na maji hukimbia gizani chini ya miguu ya watu. Huonekana mahali pachache tu, pale mwamba ulipoporomoka na kuacha shimo lenye maji ya kijani, ambalo wenyeji huliita senote. Juu ya ardhi hiyo kavu hukua mkonge, huu huu tunaoujua sisi, maana kwao ndiko huko. Zamani hizo mashamba ya mkonge yalienea mpaka macho yakachoka, na katikati ya mkonge palikuwa na vijiji vya Wamaya, watu wa tangu asili, wenye nyuki wao.

Basilia alikuwa mjane na mrina asali. Mizinga yake ilikuwa magogo yaliyochimbwa ndani na kuzibwa kwa udongo huku na huku, ikalazwa chini ya banda la makuti. Nyuki hawakuwa mifugo kwake. Ukigombana karibu yao walihama. Ukimkanyaga mmoja kwa bahati mbaya ulimfunga kwenye jani ukamzika. Na asali yao haikuwa ya kupakwa kwenye mkate. Ilikuwa dawa ya mzazi aliyejifungua, ya macho, na ya homa isiyojulikana.

Kwa sababu hiyo palikuwa na mwiko. Mrina asali hakuuliza asali ni ya nani. Watu waliamini kwamba nyuki husikia, na kwamba wao huyapeleka maneno chini ya ardhi waliko wafu. Ukilitaja jina la mgonjwa mbele ya mzinga, ni kama umemwita mauti umwonyeshe kitanda. Aliyetaka asali alikuja na kibuyu chake, akakinyoosha, akajaziwa, akaenda zake. Basilia aliushika mwiko huo kwa mikono miwili. Wapo watu wa namna hiyo, ukiwaambia wasipite mahali, hawapiti hata nyumba ikiungua.

Mwisho wa mashamba lilisimama jumba la mawe la Donya Leokadia. Donya ni jina la heshima huko, kama vile sisi tungesema bibi mkubwa. Jumba lilijengwa na babu wa mumewe juu kabisa ya senote, kwa kiburi, ili watu waseme kwamba ukoo ule una mto wake chini ya sakafu. Kiburi hicho kiliwatokea puani. Unyevu ulipanda kutani, vioo vikaota madoa meusi, milango ikavimba isifunguke bila kusukumwa kwa bega. Aliyelala humo alisikia maji yakizunguka chini ya kitanda chake, hayatulii. Ngazi ya mawe ilishuka kutoka jikoni hadi majini, na kwenye ngazi hiyo ndipo Amparo, binti pekee wa Donya, alipoteleza akazama. Maji yalimchukua chini kwa chini na hayakurudisha hata kiatu chake.

Mtu asipozikwa, kifo chake hakina mlango wa kutokea. Donya alikataza watu wasiseme kwamba Amparo amekufa. Alifunga madirisha yote. Nje, bustani nzima alipanda mnanaha, ule mmea wenye maua meupe marefu kama tarumbeta, kwa sababu binti yake alipenda kuvaa nyeupe. Harufu ya maua yale jioni ilikuwa nzito hata wakata mkonge waliopita ukutani waliharakisha hatua bila kuambizana sababu.

Kisha Donya akaomba apewe msichana wa kumchana nywele, na akamtaja kabisa amtakaye: Sirila, binti wa Basilia, aliyekuwa rika moja na marehemu. Ombi la bibi mkubwa wa shamba halikataliwi. Sirila alikwenda, akawa anarudi kwao kila Jumapili na vituko vya jumbani. Alikuwa mcheshi yule mtoto. Alisimulia jinsi Donya anavyomfundisha kushika kijiko, anavyomsahihishia Kihispania chake, na siku moja alivyomvalisha gauni la marehemu mbele ya kioo chenye madoa. Sirila akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Jumapili iliyofuata alisimulia tena habari za gauni, ila hakucheka. Iliyofuata hakuja.

Aliyekuja badala yake ni Pankrasia, mtumishi mzee wa jumba, amebeba salamu. Alisema Donya amempeleka Sirila mjini Merida kwa dada yake, akajifunze kutarizi kwa mashine, na kwamba mama mtu awe na subira. Basilia alifurahi, kwa nini nisiseme ukweli? Alitembea kijiji kizima akiitangaza Merida kana kwamba kaijenga yeye. Furaha hiyo haikukaa. Msichana gani anaondoka kwenda mbali bila kuja kuaga?

Kuanzia hapo roho yake haikutulia. Alianza kufagia akauacha ufagio katikati ya ua. Aliweka chapati za mahindi motoni zikaungua huku anazitazama. Aliketi akainuka, akatoka nje, akasahau alichofuata, akarudi. Alikwenda jumbani kuuliza, akaambiwa na Donya mwenyewe, kwa upole mwingi, kwamba Sirila hajambo na amenenepa. Basilia alirudi nyumbani na upole ule ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa kuwa Donya Leokadia hakuwahi kuwa mpole kwa mtu.

Kabla ya hayo, Sirila alipokuwa bado akija kila Jumapili, Donya alikuwa ametoa agizo jingine. Alitaka baadhi ya mizinga ya Basilia iwekwe kando ya ukuta wa bustani yake, na asali ya mizinga hiyo iwe ya jumba peke yake. Basilia aliiweka. Pankrasia akawa anakuja na kibuyu, mara kwa mara, tena mara kwa mara zaidi. Alikinyoosha, Basilia akakijaza. Wanawake hao wawili walifahamiana tangu usichana, na sasa walisimama uso kwa uso chini ya makuti bila neno. Pankrasia alikuwa akitazama chini. Basilia alikuwa na swali mdomoni, akalimeza kwa sababu ya mwiko, na mwenziwe alikuwa na jibu mdomoni, akalimeza kwa sababu ya woga. Nikiwafikiria wale wawili huwa natamani mtu angepita tu awakanyage vidole, mmoja wao apige kelele.

Nyuki nao walikuwa wamebadilika. Wale wa ukutani walirudi wakipepesuka, wakiingia mzinga usio wao, wakitambaa kwenye udongo mchana kutwa. Wale wa nyumbani, ambao hawakuigusa bustani ya Donya, waligeuka wakorofi. Walitoka kwa makundi hata kabla ya jua kupanda, wakazunguka juu ya paa wakivuma kwa sauti ambayo Basilia hakuijua, wakarudi, wakatoka tena. Hawakuwa na nyimbo za kazi. Walikuwa kama watu waliopoteza kitu ndani ya nyumba.

Siku moja, akirina mizinga ya ukutani, Basilia alichovya kidole akaonja. Asali ilikuwa tamu kwanza, kisha ikaacha uchungu mwembamba nyuma ya ulimi. Aliporudi nyumbani aliketi kizingitini apumzike. Alipozinduka jua lilikuwa limekwisha kulalia mkonge, na mwili wake ulikuwa mwepesi, hana wasiwasi wowote, hana mzigo. Alitaka kumwita binti yake amletee maji. Alifungua kinywa, na jina halikuja. Alilitafuta kama anayetafuta ufunguo gizani, akapata herufi moja, akaipoteza, akapata wimbo aliokuwa akimbembelezea, lakini wimbo ulikuja bila jina. Hofu ndiyo iliyomrudisha. Lilipomjia hatimaye alilisema kwa sauti mara nyingi, Sirila, Sirila, mpaka jirani akachungulia.

Basi alijua ile si dawa, ni ulevi wa maua ya mnanaha. Alijua kuna mtu huko jumbani anayelishwa usahaulifu kwa kijiko. Lakini alidhani ni Donya mwenyewe, anayetaka kusahau maji na ngazi, na nani angemlaumu? Pankrasia alipokuja, Basilia alimwambia asali imekwisha. Mzee yule alibaki amekinyoosha kibuyu chake, kisha akasema jambo ambalo halikuwa jibu la swali lolote.

"Basilia, mizinga yako mingine imetulia?"

"Haijatulia."

"Basi wafuate waendako," akasema Pankrasia, akageuka na kibuyu kitupu.

Kesho yake, joto la mchana lilipokuwa kali hata mbwa wakajichimbia mchangani, nyuki wa nyumbani walitoka wote. Hawakuacha hata mmoja wa kulea watoto. Walipanda juu wakawa wingu, wingu likavuka mashamba ya mkonge, na Basilia akalifuata mbio, kilemba kimemdondoka, miiba ya majani ikimchana miguu. Huko Yukatani mwenye nyuki ana haki ya kuwafuata popote watuapo, hata kwenye uwanja wa adui yake. Wingu lilipita juu ya maua meupe lisitue. Lilikwenda moja kwa moja hadi ghorofa ya juu ya jumba, likaganda kwenye dirisha moja lililofungwa, mpaka ubao wa dirisha usionekane tena, ukawa ni kitu cha kahawia kinachochemka.

Basilia alisimama chini akitazama. Nyuki wake walimjua mtu mmoja tu kwa harufu zaidi ya yeye. Ni yule aliyekuwa akikandika udongo kwenye mizinga tangu hajaweza kutembea vizuri, aliyenuka nta nywele hadi kucha. Merida yote aliyoitangaza kijijini ilimporomokea kichwani.

Alibisha. Pankrasia alifungua, akasema kwa sauti ya juu, ya kusikika ghorofani, kwamba Donya amejipumzisha na hapokei wageni.

"Nimefuata nyuki wangu," Basilia akasema.

Pankrasia alirudi nyuma akaushikilia mlango uliovimba kwa mgongo wake, usije ukajifunga. Kwa mwanamke aliyekula chakula cha jumba lile maisha yake yote, huo ulikuwa ujasiri mkubwa, na msomaji asiudharau.

Ndani palikuwa na giza la mchana, lile giza la madirisha yaliyofungwa wakati nje jua linawaka. Vioo vilifunikwa mashuka. Piano ilikuwa imevimba, meno yake yamesimama huku na huku. Ukutani walining'inia mababu wa ukoo, nyuso zao zimeliwa na ukungu, zimebaki kola na mikono. Kila alipokanyaga alisikia maji chini yakijibu. Alipanda ngazi akiufuata mvumo, kwa kuwa mvumo ulikuwa ndani ya kuta sasa, na mwisho wa baraza palikuwa na mlango ambao haukufungwa hata kwa komeo. Aliyekuwa humo hakuhitaji kufungiwa.

Sirila alikuwa amelala kitandani, amevaa gauni jeupe la lasi, nywele zimechanwa na kugawanywa katikati kama za wasichana wa mjini. Pembeni yake alikaa Donya Leokadia na bakuli mapajani, kijiko mkononi. Basilia aliitazama asali iliyokuwa kijikoni akaitambua rangi yake. Aliyoirina mwenyewe. Aliyoichuja kwa kitambaa chake mwenyewe, asije mgonjwa akamezea mabaki ya nta. Moyo wake ulipasuka pale pale, na nasema ulipasuka kwa kuwa sijui neno jingine. Mwezi juu ya mwezi alikuwa akimlaza mwanawe kwa mkono wake.

Alimwita. Msichana aligeuza kichwa, akamtazama kwa adabu kama anavyotazamwa mchuuzi aliyekosea mlango, akasema kwa Kihispania kilichonyooka:

"Samahani, mama. Mimi ni Amparo. Sijui tulionana wapi."

Basilia alimshika mabega akamtikisa. Alimtajia baba yake, alimtajia mizinga, alimwimbia wimbo ule. Sirila alitabasamu kidogo, kama mtu anayesikia muziki nyumba ya tatu. Donya hakuinuka kumzuia. Alizungumza tu, akitazama kijiko, na maneno yalimtoka kama yaliyosubiri muda mrefu. Alisema aliionja asali hiyo yeye kwanza, bila kujua, akalala usingizi wa kwanza tangu msiba. Alipoamka alikuta maumivu yapo mbali, na msichana huyu yupo karibu, na mwanga wa dirishani ulikuwa hafifu. Alimwita Amparo kwa makosa. Msichana, aliyekuwa naye ameonjeshwa, aliitika.

"Mwache alale, Basilia," akasema. "Ukimwamsha, wangu atakufa tena."

"Wako alikwisha kufa, Donya," Basilia akasema. "Wangu yuko hai."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kulisema neno hilo ndani ya nyumba ile. Donya aliinamisha kichwa kama aliyepigwa.

Basilia alikwenda dirishani akaweka mkono kwenye ubao. Ulikuwa ukitetemeka, wa moto kwa joto la miili midogo upande wa pili. Alijua nyuki wana nini. Alikwisha kuona fahali aliyefungwa karibu na mizinga iliyokasirika, jinsi alivyovimba akafa amesimama. Akiufungua ubao, nyuki watamwendea Sirila, uchungu wa miiba umwamshe kama hofu ilivyomwamsha yeye, lakini huenda kesho akamzika. Asipoufungua, atarudi nyumbani akiwa na mtoto anayepumua na kutabasamu na kuitwa Amparo, na maji yatazidi kuzunguka chini ya kitanda, na kijiko kitazidi kupanda na kushuka. Aliutoa mkono, akaurudisha, akautoa tena. Hakuna mama anayestahili kuchagua kati ya vitu viwili kama hivyo, na jumba lile lilimchagulisha.

Maisha yake yote hakuwahi kuwaomba nyuki kitu chochote isipokuwa asali. Aliweka mdomo karibu na ubao.

"Mwamsheni," akasema. "Mkimuua, mje na kwangu."

Akafungua.

Mchana uliingia chumbani kwa mara ya kwanza, na nyuki wakaingia pamoja nao. Walitua juu ya Sirila, mikononi, shingoni, mashavuni, wakamfunika kama shuka la kahawia juu ya gauni jeupe. Kwa kitambo hawakufanya kitu, walimnusa. Kisha mvumo ulikatika ghafla, na katika ukimya huo wakamchoma wote kwa pamoja.

Sirila alipiga ukelele. Alilia kwa Kimaya, lugha ambayo Amparo hakuwahi kuijua hata neno moja, akilia kama alivyolia utotoni alipoangukia mkonge. Alipigapiga hewa, akaanguka kutoka kitandani, akatambaa, macho yamefumbuka wazi na maumivu yamejaa tele ndani yake, na maumivu hayo yalikuwa ya mtu mwenye jina.

"Mama, watoe," akalia. "Mama, ni mimi. Ni mimi, watoe."

Hapakuwa na wa kutoa. Nyuki akishachoma amekwisha. Walidondoka mmoja mmoja juu ya shuka na sakafu kama buni zilizomwagika kutoka guniani, na Basilia alimbeba binti yake juu yao, akiwakanyaga na kuwaomba radhi kila hatua. Donya alibaki kwenye kiti. Alikuwa akimwita Amparo kwa sauti ndogo, akielekeza uso sakafuni, kule maji yaliko. Pankrasia aliyekuwa bado ameshikilia mlango alitoka pamoja nao, hakurudi hata kuchukua kitambaa chake.

Sirila aliugua sana. Alivimba hata macho yakapotea usoni, na homa ilimpeleka mahali ambapo mama yake hakuweza kumfuata. Kila alipoweweseka Basilia alisikiliza anasema kwa lugha gani. Alipona polepole, lakini si yote yaliyorudi. Sauti ya baba yake aliipoteza moja kwa moja, na maisha yake yote hakuweza kulala bila mtu kumwita kwanza kwa jina.

Nyuki waliosalia walikuwa wachache, wale waliokuwa nyuma ya wenzao wasipate nafasi ya kuchoma. Walirudi na malkia wao kwenye mzinga mmoja chini ya makuti. Jioni ya siku ile ile ya jumbani Basilia aliona kitu kigeni: mmoja wao amejisimamisha kwenye tundu, ameliziba kwa kichwa. Kila aliyerudi alinuswa. Waliokuja kutoka mizinga ya ukutani, wenye harufu ya mnanaha, walisukumwa nje mpaka wakakata tamaa. Na watoto walioanguliwa katika mzinga ule, ambao ndio asili ya mizinga yote ya leo, walizaliwa bila miiba. Basilia alimweka mmoja juu ya ngozi ya mkono akasubiri. Nyuki alitembea tu, akaruka. Miiba ya ukoo mzima ilikuwa imebaki mwilini mwa Sirila.

Mama mtu alitaka kuichoma mizinga na kuuacha urinaji. Sirila ndiye aliyekataa. Aliichukua kazi hiyo mikononi mwake, na kwa miaka mingi watu walikuja na vibuyu vyao kama zamani, wakavinyoosha kimya, naye akavijaza. Lakini alikuwa na tabia ya kutotulia. Alishika kibuyu cha mtu, akakizungusha, akamtazama mwenyewe kana kwamba anataka kuanza kusema, kisha akakijaza kwa haraka na kumpa mgongo.

Jumba, kwa upande wake, lilizidi kulowa. Watumishi waliondoka, mnanaha ukapanda mpaka ndani ya sebule, na sehemu ya jikoni ikaporomokea majini. Watu walidhani Donya Leokadia amezama nayo. Kumbe asubuhi moja alionekana anakuja kwa miguu kati ya safu za mkonge, peke yake, akipapasa majani kwa mikono. Macho yake yalikuwa yameota utando mweupe. Alifika chini ya makuti, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akanyoosha bakuli.

Basilia alikuwa pale akipepeta mahindi. Aliuweka ungo chini akatafuta fimbo, na angeitumia, sikufichi. Sirila alimzuia kwa mkono. Alikwenda akasimama kati ya Donya na mzinga, karibu kabisa na tundu, nyuki mlinzi akiwa sawa na bega lake, na mbele ya wanawake wote waliokuwa wakisubiri zamu akauvunja mwiko.

"Asali ni ya nani?"

Wanawake walishika vinywa. Mmoja alianza kuondoka. Donya alisema ni ya binti yake, kama aliyezoea kusema hivyo, na Sirila hakusogea wala hakunyoosha mkono kwa bakuli. Aliuliza tena, taratibu, binti huyo anaitwa nani na yuko wapi.

Donya aligeuza uso huku na huku akiitafuta sauti ile. Aliijua. Kinywa chake kilifunguka kwa jina, kikafungwa, naye akalishusha bakuli.

"Binti yangu alikufa," akasema. "Alikufa majini, siku ya mvua. Asali ni yangu mimi. Ni ya Leokadia. Macho yananiuma, na sina mtu wa kuja kuniombea."

Sirila alilichukua bakuli akalijaza asali safi mpaka ukingoni, akamshika bibi yule mkono akamwonyesha njia isiyo na miiba. Basilia hakumsamehe, wala simlaumu. Alitazama tu mgongo wa Donya ukipotea kati ya mkonge, na ghafla akatambua kwamba anamlilia Amparo, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza mtoto yule kuwa na msiba.

Mpaka leo nyuki wa Tishkabi hawana mwiba ila wana mlinzi, na tangu siku hiyo hakuna apewaye asali yao mpaka aseme mbele ya mzinga, kwa sauti, ni ya nani na ana nini. Wengi hujibu upesi, wakachukua, wakaenda kuwahi uji wa watoto. Wengine husimama pale muda mrefu, kibuyu mkononi, wanatafuta jinsi ya kuanza. Hakuna anayewaharakisha.